Noeli Juu ya Mawe Meusi

Katika picha nyingi zitokazo Ulaya, Noeli ina theluji. Mapaa ya nyumba ni meupe, miti ni meupe, na watoto wamevaa makoti mazito na kofia za sufu. Kwa sababu hiyo watoto wengine wa Afrika hudhani ya kuwa Noeli ya kweli ni ile ya theluji, na kwamba ya kwao ni ya kuazima tu. Sivyo. Huko Ulaya mwezi wa Desemba ni wakati wa baridi kali, basi likizo ya Noeli huangukia katika majira ya baridi. Lakini mji wa Goma uko karibu sana na Ikweta. Huko watu wanajua masika na kiangazi, na mwezi wa Desemba mvua bado zinanyesha. Mtu akitaka kuona theluji katika Kivu ya Kaskazini, na apande mlima Ruwenzori mpaka kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya bahari. Theluji iko huko mwaka mzima, wala haingoji Noeli.

Goma haina theluji nyeupe, ina mawe meusi. Mawe hayo yalitoka katika mlima Nyiragongo, ulio upande wa kaskazini wa mji, wenye urefu wa mita 3,470. Ndani ya mlima huo mna moto. Mara kwa mara mlima hupasuka ubavuni, na mawe yaliyoyeyuka hutelemka kama uji mwekundu, yakichoma yote yaliyo mbele yao. Halafu hupoa na kuwa mawe magumu meusi. Ndivyo ilivyotukia tarehe 10 Januari 1977, na tena tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Watu wa Goma huyavunja mawe hayo kwa nyundo, hujengea kuta na misingi, na juu ya misingi husimamisha nyumba za mbao. Kuchimba shimo hapo ni taabu kubwa. Anayetaka choo kirefu na awe na mikono ya chuma, au na awe na fedha za kumlipa mwenye mikono hiyo.

Katika mji huo ilikuwako familia moja: baba, mama, nyanya aliyemzaa baba, mvulana wa miaka kumi na mmoja, na dada yake wa miaka mitano. Zamani walikaa Buhene, upande wa kaskazini wa mji. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 moto wa mlima ulifika Buhene na kuifunika nyumba yao. Tangu siku hiyo walikaa mtaa wa Majengo, katika chumba walichopewa na ndugu wa mama. Baba alikuwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ambayo watu wa Goma huitumia kubebea makala, viazi na kabichi. Chukudu ile ilipona. Vitu vingine havikupona.

Basi Noeli ya mwaka ule wa 2021 ilikaribia. Shule ilifungwa, watoto wakapeleka buletini zao nyumbani. Mvulana alikuwa na alama nzuri za hesabu, lakini mwalimu aliandika chini: «Amekuwa mkimya mno.» Baba aliisoma, akaitia buletini katika boksi, asiseme neno.

Likizo ya Noeli katika nyumba ya Goma si wakati wa kulala. Asubuhi watoto huenda ziwani na mabidoni ya manjano kuteka maji, maana mlima ulipopasuka mabomba mengi ya maji yaliharibika. Kisha kuna kufua, kufagia, kupaka udongo, kunyoa vichwa, na kwenda kwa fundi kuuliza kama kitenge kimekwisha shonwa. Fundi hujibu sikuzote: «Kesho.» Jioni watoto hujenga pango la Noeli. Desturi hiyo ya pango ilienezwa na Mtakatifu Fransisko wa Assisi, aliyetengeneza hori penye kijiji cha Greccio, katika Italia, mwaka wa 1223, ili watu waone kwa macho umaskini wa Mtoto Yesu. Huko Ulaya watu wengi hutumia mbao na pamba. Watoto wa Goma hutumia mawe ya Nyiragongo na majani ya migomba, na pango lao hufanana zaidi na pango.

Familia ile ilikuwa na desturi yao, iliyoanzishwa na nyanya. Usiku wa kuamkia Noeli wote walikaa mbele ya pango, na kila mmoja, toka mkubwa mpaka mdogo, alitaja jambo moja analomshukuru Mungu. Haikuruhusiwa kusema «nashukuru kwa yote.» Nyanya alisema kwamba anayeshukuru kwa yote hakufikiri hata kimoja. Ilimpasa mtu kutaja jambo lenyewe: mbuzi aliyezaa, homa iliyopona, samaki waliopatikana.

Mvulana aliiogopa jioni hiyo. Sababu yake ndiyo hii.

Usiku ule wa Mei mbingu zilikuwa nyekundu kama tanuru, na watu wa Buhene walikimbia wakielekea mjini na mpakani, kwenda Gisenyi, katika nchi ya Rwanda. Mama alibeba godoro na sufuria. Baba alimshika nyanya. Mvulana aliambiwa: «Wewe mshike dada yako mkono, usimwachie hata kidogo.» Naye alimshika kwa mkono wa kulia, na kwapani mwa kushoto alibana mpira wa ngozi alionunuliwa na baba siku ya Pasaka. Njiani watu walikuwa wengi sana, pamoja na pikipiki na mbuzi na wagonjwa. Mpira ukamponyoka, ukabingirika. Mvulana akauachia mkono wa dada yake, akaukimbilia mpira. Aliupata. Alipogeuka, dada yake hakuwapo.

Mtoto yule alipotea siku tatu. Watoto wengi walipoteana na wazazi wao usiku ule. Mama mmoja wa Gisenyi, asiyemjua mtoto wala jamaa zake, alimwokota kando ya njia, akamnywesha uji, akamlaza pamoja na wanawe, kisha akampeleka kwa watu wa Msalaba Mwekundu, na hao wakawatafuta wazazi. Mama alipomwona mwanawe alianguka chini. Kila usiku tangu hapo, katika sala ya jamaa, mama alimwombea «yule mama wa Gisenyi tusiyemjua jina.» Na kila usiku, sala ikifika hapo, mvulana alitazama chini.

Maana alipoulizwa alisema: «Watu walitusukuma.» Wote walimsadiki. Walimhurumia hata. Ule mpira aliutupa ziwani bila kuonekana na mtu, akasema umepotea. Mara tatu alisimama katika mstari wa wanaongoja kuungama, na mara tatu zamu yake ilipokaribia alitoka, akijifanya anakohoa. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa amebeba jiwe moyoni, na kila siku iliyopita jiwe lilizidi uzito, kama bidoni ya maji inavyozidi uzito njiani ingawa maji ni yale yale.

Siku nne kabla ya Noeli nyanya aliketi mlangoni na ungo, akichagua mchele. Mchele si chakula cha kila siku katika nyumba ya msukuma chukudu. Kila siku ni ugali na sombe, na sambaza wakipatikana. Sambaza ni wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ambao zamani hawakuwamo ziwani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka wa 1959, na leo wavuvi huwavua usiku kwa taa. Lakini Noeli ilitaka mchele. Nyanya alitoa changarawe na punje mbovu, akawasimulia wajukuu habari za kijana mmoja wa Goma.

Kijana huyo aliitwa Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka wa 1981. Alisoma sheria, tena alikuwa rafiki wa watoto wa barabarani, akiwafundisha na kula nao pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio. Baadaye alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua vyakula vinavyoingia mpakani. Mwaka wa 2007 watu walileta chakula kilichoharibika, wengi husimulia kuwa ulikuwa mchele, wakampa fedha ili akipitishe. Alikataa. Wakamwongezea fedha. Akakataa tena, kwa kuwa chakula hicho kingewadhuru watu. Mwezi wa Julai wakamkamata na kumwua, naye alikuwa na miaka ishirini na sita tu. (Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa limemtangaza kuwa Mwenyeheri.)

«Kwa hiyo,» nyanya akasema, akipeta mchele, «mkila mchele mzima hapa Goma, kumbukeni yuko mtu aliyelipa.»

Dada mdogo akauliza kama kijana yule alipenda mchele kwa maharagi au kwa samaki. Nyanya akasema hajui. Mvulana hakuuliza lolote. Alifikiri: Yule alipewa fedha nyingi akakataa kusema uwongo. Mimi nilidanganya kwa ajili ya mpira.

Kesho yake baba alimwamsha kabla ya jua. «Twende Kibumba. Nitaleta kabichi za Noeli, nahitaji mtu wa kusukuma nyuma.» Kutoka Goma kwenda Kibumba ni kupanda. Kurudi ni kutelemka, na chukudu yenye mzigo hutelemka mbio hata mwenyewe akaonekana kama anaruka. Lakini kupanda, watu husukuma pole pole, nao hupata nafasi ya kuzungumza, au ya kunyamaza.

Walinyamaza mpaka Buhene. Hapo barabara ilikuwa imefunikwa na mawe ya moto mwezi wa Mei, halafu mashini zikaifungua tena, nayo ikapita katikati ya mawe meusi pande zote mbili. Baba alisimamisha chukudu. Akatazama huku na huku, akapima kwa macho kutoka mlima hata mti mmoja mkavu, akaonyesha kwa kidole.

«Mlango ulikuwa pale,» alisema.

Pale palikuwa mawe tu. Katika ufa wa jiwe jani moja la kijani lilikuwa limekwisha ota. Mvulana alitazama mahali pa mlango, ambapo walitokea usiku ule yeye na dada yake, mkono kwa mkono. Ndipo jiwe la moyoni likamshinda.

«Baba, watu hawakutusukuma. Mimi nilimwachia. Niliufuata mpira.»

Baba hakujibu. Upepo ulivuma kutoka mlimani. Mvulana alingoja kofi, maana alidhani kofi ndilo linalostahili, na kofi lingekuwa afadhali kuliko kimya kile. Baba akaketi juu ya chukudu.

«Unajua kovu la nyanya yako, mguuni?»

Mvulana alilijua. Nyanya alichechemea kidogo, na unyayo wake wa kushoto ulikuwa na kovu jeupe, laini kama karatasi.

«Mwaka wa 2002,» baba akasema, «tulikaa karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Babu yako alikuwa amekwisha kufa. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Siku ile, Alhamisi, moto ulishuka mpaka katikati ya mji, ukateketeza kanisa, ukaendelea hata ukaingia ziwani. Nyanya yako aliniita: Nisaidie kufunga mzigo, twende pamoja. Mimi nilikuwa na radio mpya. Niliichukua radio, nikakimbia na vijana wenzangu. Sikugeuka nyuma. Yeye alitoka peke yake, akakanyaga jiwe lililokuwa bado moto. Tulionana Gisenyi siku ya pili. Alifurahi kuniona. Aliniuliza kama nimekula.»

«Akakupiga?»

«Sijamwambia. Mpaka leo anadhani ya kuwa niliondolewa na mkumbo wa watu.»

Mvulana alimtazama baba yake kama hajapata kumwona. Huyu ndiye baba ambaye mwezi wa Mei, siku tano baada ya mlima kupasuka, serikali ilipoamuru watu waondoke katika mitaa kumi ya Goma, alimpakia nyanya juu ya chukudu akamsukuma mpaka Sake, mwendo wa kilometa ishirini na tano na zaidi. Watu njiani walimsifu: Tazameni mwana mwema.

«Waliponisifu,» baba akasema, «niliona haya. Nilikuwa nalipa deni ambalo mwenye mali hajui kuwa ananidai.» Akasimama, akashika usukani. «Twende. Kabichi hazitungoji. Tutawaambia wote wawili, wewe wako na mimi wangu. Usiniache peke yangu.»

Waliendelea kupanda. Mvulana alisukuma nyuma kwa nguvu, na chukudu ilionekana nyepesi, ingawa hiyo huenda ni kwa sababu ilikuwa tupu.

Siku ya Ijumaa, tarehe 24, mvulana alikwenda parokiani, akasimama katika mstari kwa mara ya nne. Nyuma yake alisimama baba. Mvulana hakukohoa.

Usiku ulipoingia, familia walikusanyika mbele ya pango la mawe meusi. Mshumaa ulikuwa mmoja. Jamaa ya mjomba nao walikaa hapo, hata chumba kikajaa. Nyanya alianza, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Alimshukuru Mungu kwa mbao kumi na mbili ambazo baba alikuwa amekwisha nunua kwa ajili ya nyumba mpya. Alizihesabu kila jioni. Mjomba alishukuru kwa kazi. Mama, kama kawaida, alishukuru kwa mama wa Gisenyi.

Ikafika zamu ya baba. Alijikwaa katika maneno, akaanza upya, akaeleza habari ya radio. Mama aliacha kutikisa mtoto wa mjomba aliyekuwa mapajani pake. Nyanya alisikiliza, mikono yake juu ya fimbo.

«Niliiona radio,» nyanya akasema. «Gisenyi. Ulikuwa umeificha chini ya shati, na shati lilikuwa la pembe nne. Nani hakuiona?»

«Mbona hukusema kitu, Mama?»

«Nilingoja wewe useme. Miaka kumi na tisa. Nilianza kuogopa nitakufa kwanza.» Akamkamata mwanawe kwa sikio, kama mtoto mdogo, akalivuta polepole, halafu akaliachia. «Sasa nina jambo la pili la kushukuru. Desturi inasema moja, lakini desturi ni yangu.»

Mvulana akajua zamu yake imefika. Alisema yote, toka kwapa mpaka ziwa. Alipotaja kuutupa mpira, sauti ilikatika. Mama alifunika uso kwa kitenge. Kwa kitambo hakuna aliyesema neno, na mvulana aliona ya kuwa habari hii haikuwa nyepesi kwa mama kama ile ya radio kwa nyanya. Siku tatu zile zilikuwa bado machoni pake. Hatimaye mama alinyosha mkono, akamvuta mwanawe karibu, akakiweka kichwa chake penye bega lake. Hakusema «si kitu,» maana kilikuwa kitu. Alisema: «Umerudi.»

«Na wewe unashukuru kwa nini?» nyanya akamwuliza mvulana. «Bado hujataja.»

Alifikiri sana. «Namshukuru Mungu kwa uji alioupika yule mama wa Gisenyi.»

Dada mdogo alikuwa wa mwisho. Alikuwa amekwisha sinzia mara mbili. Wakamwamsha, akasema anashukuru kwa sababu kesho ni mchele. Kisha akamgeukia kaka yake, akamwita yaya, kama watoto wa Goma wanavyowaita wakubwa wao. «Yaya, ule mpira uliutupa mahali pa kina kirefu? Haiwezekani kuutoa?»

Wote wakacheka, hata mama. Wakasali Baba Yetu na Salamu Maria, mshumaa ukazimwa ili ubaki wa Bonane, yaani Mwaka Mpya.

Asubuhi ya Noeli mvua ilikuwa imenyesha, na mawe ya njiani yaling'aa yakiteleza. Kengele ililia. Baba alimwongoza nyanya, mama akafuata na mwavuli. Mvulana alimshika dada yake mkono, akamkaza barabara, hata yule mdogo akaanza kulalamika kwamba vidole vinamwuma, na kwamba kwa namna hii watafika kanisani yeye akiwa hana mkono.

MASWALI

1. Kwa nini nyanya alikataza watu kusema «nashukuru kwa yote»?
2. Mvulana alisema nini kuhusu kupotea kwa dada yake, na kweli ilikuwa nini?
3. Floribert Bwana Chui alikataa nini, na kwa sababu gani?
4. Baba aliona haya watu walipomsifu njia ya Sake. Eleza sababu.
5. Waulize wakubwa wa nyumbani kwako: ni mtu gani aliyewasaidia zamani, nao hawajui jina lake? Andika habari hiyo kwa mistari kumi.